Unahamia tyubulesi, yaani tairi lisilo na tyubu ndani, kwenye baiskeli ya mizigo? Anza na tepu

Wachuuzi wanaopakia samaki pale Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, wananiletea lawama ileile: jioni tairi limejaa, asubuhi limekaa chini. Wamebadili tairi, wameongeza dawa ya pancha, wengine wameambiwa wanunue ringi mpya. Ukilivua tairi unakuta shida ni tepu inayoziba matundu ya spoki. Nyembamba mno.

Kashata za tairi na wingi wa dawa utaelezwa kila duka, naziacha. Mimi nang'ang'ania upana wa tepu. Pima ringi kwa ndani, ukuta hadi ukuta. Tepu iuzidi upana huo kwa milimita 2 hadi 5, ipande mpaka pale tairi linapokalia. Ikipungua, upepo na dawa vinapenya pembeni, vinatokea kwenye matundu ya spoki, na tairi linalegea wakati una tenga la sangara nyuma na kilima mbele. Tena baiskeli ya mizigo inajazwa upepo mwingi, kwa hiyo tepu inasukumwa kwa nguvu kwenye yale matundu. Zungusha mara mbili huku ukiivuta ikaze. Kabla ya hapo safisha ringi kwa spiriti, na ukimaliza weka tyubu, jaza upepo, iache ilale hivyo usiku mzima ili tepu ishike.

Namba moja ni tesa 4289, na sioni ya kuifikia. Ni tepu ya manjano ya kufungia mizigo viwandani, haikutengenezwa kwa ajili ya baiskeli, lakini haivutiki ovyo na inashika alumini barabara. Roli ina mita 66. Ringi ya inchi 26 ukiizungusha mara mbili haimalizi mita 4, kwa hiyo mafundi wa kijiwe kimoja wakichanga roli moja wanafunga baiskeli 8.

Namba mbili, Stan's NoTubes, nayo ya manjano. Nzuri kabisa, ila roli ndogo ya mita 9 inatosha baiskeli moja tu, na bei ya kila mita inauma.

Tatu, Gorilla nyeusi. Inashika sana, lakini ni nene, na siku ya kuibandua gundi inabaki kwenye ringi.

Tepu ya umeme, usiiguse. Na kama ringi yako ni ile ya chuma ya inchi 28, baki na tyubu.

Sasa wauzaji. Kuna maduka hapa mjini yanauza tepu ya milimita 21 na kuapa ni ya ringi zote. Wanaitoa kwenye boksi lake lenye vipimo, wanaiviringisha kwenye kijiti, wanakuuzia kwa mita. Mtu anapoteza pesa ya tepu, dawa ya chupa nzima, na samaki wa siku hiyo wanaozea njiani kwenda Igoma. Akirudi dukani anauziwa tairi jingine! Nenda na rula yako, na muuzaji akikukataza kupima, ondoka na hela yako.