Kilo 1.4 imenifanya nipige magoti getini, na bado sijaimeza

Wiki kadhaa zimepita na kila nikikumbuka roho inanipanda upya, kwa hiyo acha niandike. Jina la shirika la ndege naliweka pembeni, ninachotaka mkijue ni kilichotokea pale getini.

Kwanza niseme ukweli wangu: begi langu la mkononi lilizidi. Ruhusa ilikuwa kilo 7, langu likasoma 8.4, na hapo sina ubishi, kilo ni kilo, hata kama wakati wa kwenda begi hilohilo na shirika hilohilo lilipita bila mtu kuligusa. Ningeambiwa vizuri tu, "mama, limezidi, itabidi lishuke chini", ningelipia nikanyamaza. Kilichonichoma ni namna nilivyofanyiwa.

Tuko kwenye foleni ya kupanda, watu wamechoka, ndege imechelewa kidogo. Kaka aliyekuwa mbele yangu ana begi kubwa kuliko langu, huhitaji hata kipimo kuliona, kalitundika begani na mfuko mwingine kaushika mkononi, akaonyesha pasi yake akapita. Hakupimwa wala hakuulizwa. Nafika mimi, yule binti wa getini salamu yangu hakuitikia, akanyoosha kidole tu kwenye kile kifremu cha chuma cha kupimia ukubwa wa mabegi, "Weka humo." Nikaweka. Begi lenyewe likaingia, magurudumu yakabaki nje, kama upana wa vidole viwili hivi. Nikaligeuza, likakwama, nikawa nalisukuma kwa goti huku navuta shikio la juu, na foleni nzima nyuma yangu inanitazama. Yeye kasimama kakunja mikono. "Unalazimisha nini sasa? Si unaona halitaki?" Kwa ile sauti ya kutaka na wa mwisho asikie.

Hili la magurudumu niwaambie maana mimi lilinikuta sijui. Vipimo vya kwenye lebo ya begi mara nyingi ni vya mwili wa begi peke yake, wao wanapima kila kinachotokeza, gurudumu, shikio, hadi mfuko wa mbele ukituna. Na kile kipimo cha 56 kwa 45 kwa 25 ambacho watu wanakitaja kuwa cha IATA, yaani chama cha mashirika ya ndege duniani, kisikudanganye, ule ni mwongozo tu, mashirika mengi yamebana zaidi ya hapo. Angalia cha shirika unalopanda, na uangalie tena safari ijayo maana wanabadilisha.

Haya, begi limekataa, analifunga tagi lishuke chini kwenye mizigo. Nikakumbuka pawabanki. Nikamwambia, "Mwanangu subiri kidogo, humo ndani kuna pawabanki, nitoe kwanza." Akanijibu bila kuniangalia, "Acha humohumo, unachelewesha watu." Nikadhani hajanisikia vizuri, nikarudia, nikamwambia ni betri hii, haitakiwi kwenda chini. "Mama, lugha huelewi? Ndege inaondoka."

Jamani. Hapo ndipo nilipobadilika kabisa. Marufuku ya kuweka pawabanki na betri za akiba za lithiamu kwenye mizigo ya chini haikutungwa na shirika moja likiwa na njaa ya hela, ni sheria ya usalama wa anga inayofuatwa dunia nzima, na sababu yake haihitaji shule: betri ikianza kutoa moshi kabini kuna macho ya watu, wahudumu wamefundishwa kuizima, lakini ikiwaka kule chini katikati ya masanduku nani ataiona mapema? Ndiyo maana begi la mkononi likichukuliwa getini, betri zinatolewa kwanza. Yeye ndiye alipaswa kuniuliza mimi kabla hajafunga hiyo tagi! Sentimita za magurudumu alizijua mpaka akanidhalilisha nazo mbele ya watu, ya moto hakuijua, au aliijua akaona foleni ni muhimu zaidi, na sijui lipi kati ya hayo mawili ni baya zaidi.

Sikumuomba tena ruhusa. Nikapiga magoti palepale sakafuni nikafungua zipu, nikaanza kutoa nguo, nguo za ndani na zote, mbele ya watu wazima na watoto, dada mmoja nyuma yangu Mungu ambariki akanishikia mrundo wangu wa nguo bila neno. Pawabanki ilikuwa chini kabisa nimeiviringisha kwenye soksi. Nikaitoa, nikatoa na dawa zangu za presha, mikono inatetemeka hadi zipu ikanishinda kufunga. Siku hizi hivyo vitu viwili navibeba kwenye kimfuko kidogo chake, begi likichukuliwa mimi nabaki na changu mkononi.

Naingia ndani, nafungua kabati la juu ya kiti changu. Tupu. La jirani lina koti moja.

Ila nisiwe mwongo, humo ndani kulikuwa na watu wa tofauti kabisa. Muhudumu mmoja aliniona nilivyo akaniletea maji, akachuchumaa pembeni yangu akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nilifanya sawasawa kuitoa ile betri na kwamba atalifikisha. Tukatua vizuri, na pale kwenye kiti nilikuwa nimeshaanza kuwasamehe, nikajisemea labda yule binti alikuwa na siku mbaya, labda mkubwa wake kamsimamia shingoni ndege iwahi, nikapanga niwape nyota tatu, hata nne kwa ajili ya yule muhudumu.

Halafu begi likatokea kwenye mkanda likiwa na gurudumu moja.

Nikaenda kaunta ya mizigo nikaambiwa magurudumu ni uchakavu wa kawaida hawahusiki nayo. Uchakavu gani wakati limetoka mkononi mwangu zima saa chache zilizopita? Msikubali kuondoka hivyo. Nilijaza fomu nikapiga picha na tagi ionekane, na nikawaandikia, kwa sababu kwenye safari za kimataifa Mkataba wa Montreal, ule unaolinda haki za abiria na mizigo yao, unakupa siku 7 tangu upokee mzigo kulalamika kwa maandishi kama umeharibika, zikipita umeshakosa. Walinijibu baada ya muda mrefu, gurudumu watalitengeneza, pole kwa usumbufu.

Basi ningesema nyota mbili, maana begi wamelikubali. Lakini kwenye barua yangu nusu nzima ilikuwa ya betri, saa, namba ya geti, maneno aliyoniambia, yote niliyaandika, na kwenye majibu yao hakuna hata mstari mmoja juu yake. Gurudumu wameliona, moto hawajauona. Nyota moja, na hiyo ni ya yule muhudumu. Nimewaandikia tena nikiuliza swali moja tu, watu wenu wa getini wanafundishwa kuuliza kuhusu betri kabla ya kushusha begi la abiria, ndiyo au hapana. Sijajibiwa.