Process Explorer au Microsoft Defender Offline?

Feni ya kompyuta ya nyumbani inapovuma ilhali hakuna kilichofunguliwa, wengi hufungua Task Manager (orodha ya Windows ya programu zinazofanya kazi) na kuisimamisha programu wanayoishuku. Lakini programu hasidi iliyojipachika miongoni mwa zile zinazojiwasha pamoja na Windows hurudi mara mashine inapowashwa tena.

Process Explorer, programu ya uchunguzi iliyoundwa na Mark Russinovich na iliyo chini ya Microsoft tangu 2006, huonyesha ni programu ipi iliyoianzisha nyingine, faili lake limo katika folda gani, na kama saini yake ya kidijitali, yaani alama inayoonyesha mtengenezaji wake, imethibitishwa. Chukua svchost.exe, programu ya Windows inayoendesha huduma zake za ndani: kuona nakala zake nyingi zikifanya kazi kwa pamoja ni kawaida kabisa, wala hakuna sababu ya kuogopa, ila ikiwa mojawapo inatokea kwenye folda ya Temp (ya faili za muda) badala ya C:\Windows\System32, hiyo ni ya kughushi. Udhaifu wa njia hii ni kwamba inategemea jicho la mtumiaji, na anayesimamisha csrss.exe, sehemu ya msingi ya Windows, kwa kubahatisha huiangusha Windows nzima.

Defender Offline, ukaguzi wa kingavirusi ya Windows yenyewe, huiwasha kompyuta upya na kuikagua kwa takriban dakika 15 Windows ikiwa bado haijaanza, hivyo hasidi hukutwa ikiwa imelala. Haitaki utaalamu, ingawa haifafanui mengi.

Kwa familia inayotumia kompyuta moja kwa benki na masomo, ningeanza na Defender Offline bila kusita, baada ya kuhifadhi kazi zote zilizo wazi, kisha Process Explorer itumike kuchunguza kilichosalia.