Tahadhari: msinunue vyambo vya mpira vya "boksi zima" mtandaoni

Wavuvi wenzangu wa Mombasa, Mtwapa, Kilifi hadi Malindi, kuna muuzaji anayepita kwenye magrupu ya WhatsApp na Facebook akinadi vyambo vya mpira kwa boksi. Boksi ni la plastiki ngumu inayoonyesha ndani, lina vyumba vyumba, na limejazwa samaki wa mpira, kamba wa mpira na minyoo ya kila rangi. Bei yake ni karibu nusu ya bei ya dukani. Anasema ni mzigo mpya kutoka Dubai. Msinunue.

Nimeyashika maboksi ya watu kadhaa walionunua kwake, na yote yana ugonjwa mmoja. Minyoo myeusi imewatia weusi samaki weupe. Vyambo vimeshikana vikawa donge linalonata kama ulimbo. Sakafu ya boksi imelainika hata ukibonyeza kidole alama inabaki, na chambo ukikivuta kinatoka na ngozi ya boksi. Kwenye picha vinang'aa vizuri, lakini ukivinusa unakutana na harufu ya mafuta ya kupikia: vimepakwa ili kunata kusijulikane. Kijana mmoja wa Mtwapa anayepeleka wageni kuvua kolekole aliviweka vichache pamoja na samaki wake wa plastiki ngumu, wale waliopakwa rangi, wa bei kubwa. Rangi ilichubuka yote pale vilipogusana. Hiyo ni riziki ya mtu.

Mteja akilalamika anajibiwa: "Ni joto la safarini, boksi lilikaa kwenye buti ya basi." Akilalamika tena, anablokiwa.

Hilo la joto lisiwapumbaze. Joto la buti linapinda mkia wa chambo, na mkia uliopinda unanyooka ukiuchovya sekunde chache kwenye maji ya moto, ukaulaza sawa, kisha ukautia kwenye maji baridi. Joto peke yake haliyeyushi boksi. Vyambo vingi vya mpira ni PVC, plastiki ile ile ya mabomba ya maji, ambayo kwa asili yake ni ngumu. Inalainishwa kwa kimiminika cha mafuta kinachochanganywa wakati wa kutengeneza, na kimiminika hicho hakikufungwa humo milele. Kinahama taratibu kuingia kwenye plastiki kinayoigusa. Kikikuta polistirini, ambayo ndiyo plastiki ya maboksi mengi rahisi yanayoonyesha ndani, kinailainisha hadi inageuka gundi. Joto linaharakisha tu kazi hiyo. Kwa hiyo mzigo ulioharibika kiasi hicho umekaa ndani ya boksi hilo muda mrefu kabla basi halijawashwa injini.

Kisha kuna kuchanganya. Vyambo vya kampuni ya Z-Man vilivyotengenezwa kwa mpira wake uitwao ElaZtech, vile vinavyovutika sana bila kukatika na vinavyoelea majini, si PVC. Ukiviweka pamoja na PVC vinayeyushana, na kampuni yenyewe inaonya visichanganywe na virudishwe kwenye mfuko wake. Gulp!, chambo laini cha kampuni ya Berkley, nayo ina asili ya maji: ikiachwa nje ya mfuko au kopo lake inakauka na kusinyaa ikawa ngumu. Katika boksi mojawapo niliviona vyote hivi vimelundikwa chumba kimoja. Mtu anayeuza bidhaa hizi na kuzitoa kwenye mifuko yake anatupa pamoja nayo jina la mtengenezaji na maelezo ya kuhifadhi, yaani kila kitu ambacho kingekusaidia kumuuliza swali.

Kama unatafuta vyambo, nunua vilivyo ndani ya mfuko wake wa kiwandani ambao haujafunguliwa. Omba video badala ya picha, na umwambie akivute chambo kimoja kutoka kwa mwenzake mbele ya kamera. Lipa kwa namba ya till yenye jina la biashara, au ukishauona mzigo mkononi. Huyu ninayemsema anataka M-Pesa kwenye namba ya mtu binafsi, yote mbele, na akibanwa anasema kuna mteja mwingine anasubiri.

Boksi lenyewe si baya kama ni la plastiki inayofaa. Tazama pembetatu yenye namba chini yake: namba 5 ni polipropilini, 2 na 4 ni polithini, na hizo zinavumilia vyambo vya PVC. Namba 6 ndiyo polistirini. Kama hakuna alama, kata kipande kidogo ukitie kwenye maji: polipropilini na polithini huelea, polistirini huzama. Hata hivyo mimi naona mfuko wa asili ndio bora. Panga mifuko imesimama ndani ya boksi, rangi nyeusi mbali na nyeupe, mahali pa kivuli. Usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani. Na chambo kivue kwenye kichwa chake cha risasi, kile kizito chenye ndoana, ukirudi kutoka baharini, maana ndoana yenye chumvi itashika kutu humo humo na kuharibu vilivyo jirani.

Mliokwisha kununua, vitenganisheni leo hii. Vilivyogeuka donge msijaribu kuviyeyusha jikoni mvitengeneze upya. PVC ikiungua hutoa moshi wenye asidi unaochoma mapafu, na nyumba ina watoto. Wala msivitupe baharini, samaki humeza.

Kabla ya kutupa chochote, piga picha ya boksi, hifadhi mazungumzo na ujumbe wa M-Pesa. Namba yake itumeni kwa Safaricom kupitia 333 na mpeleke taarifa polisi mkiwa pamoja, kwa sababu mmoja mmoja anaambiwa ni hasara ndogo. Namba hiyo sitaiweka hapa hadharani, anaibadilisha na kesho itakuwa ya mtu asiyehusika. Walionunua kwake wanitafute faraghani na picha zao, tuandikishe taarifa moja.