Chaga za plastiki na pumba: miezi kumi na minne chini ya kwato za mbuzi

Mimi ni seremala wa Morogoro, na miaka hii riziki yangu kubwa inatoka kwenye mabanda ya mbuzi. Banda zuri huinuliwa juu ya nguzo, na sakafu yake ni chaga kama za kitandani, zenye nafasi ya kupitisha kinyesi na mkojo. Hapo ndipo mbao hufia. Mkojo unaziozesha kutoka juu, mchwa wanapanda kutoka chini, na haipiti misimu miwili ya mvua mwenye mbuzi anakupigia simu: "Fundi, mguu wa beberu umezama." Niliposikia kuna karakana nje ya mji inauza mbao za plastiki chakavu iliyochanganywa na pumba za mpunga, nilikwenda kabla sijapata hata mteja wa kuzijaribia.

Bei kwanza, maana ndiyo kila mtu ananiuliza. Ubao mmoja wa mita 3 ulinigharimu karibu mara tatu ya papi ya kawaida ya urefu huohuo. Hawapunguzi.

Pumba zenyewe si zile laini za kulishia kuku. Ni maganda magumu, yale yanayorundikana nyuma ya mashine za kukoboa kule Dakawa mpaka watu wa tofali waje kuyachukua wakachomee tanuri. Ganda ni kama sehemu moja ya tano ya uzito wa mpunga, kwa hiyo hayaishi. Yanasagwa, yanakaushwa, yanachanganywa na plastiki ya madumu, ndoo na vifuniko vya chupa, kisha mchanganyiko unayeyushwa na kusukumwa kwenye kalibu. Niliuliza kwa nini chupa za maji zenyewe hawazitaki, na kijana wa mashine akanijibu vizuri: plastiki ya dumu inayeyuka kwenye nyuzi 130 hivi, ya chupa inataka kama 250, na ganda linaanza kuungua likifika 200. Ukilazimisha chupa, unapata majivu ndani ya plastiki. Kazi ya ganda humo ni kukaza. Plastiki tupu juani inalegea kama mshumaa. Ukiitia maganda inakuwa ngumu zaidi, ingawa nayo inaanza kuvunjika kwa kishindo pale ambapo zamani ingepinda tu.

Sasa tatizo. Mzigo wangu wa kwanza ulikuwa mbovu, na nilijua siku ileile nilipoukata. Ncha ya ubao ilikuwa na vitundu kama andazi. Maganda hayakuwa yamekauka, maji yakageuka mvuke ndani ya mashine, mvuke ukaacha mapovu. Nilichukua vipande viwili vya urefu sawa, kimoja chenye vitundu na kimoja kizima, nikavipima kwa mizani ya duka la jirani, nikavizamisha kwenye ndoo wiki nzima. Kizima kiliongezeka uzito kidogo sana. Chenye vitundu kilinywa maji mpaka jirani akadhani mizani yake imeharibika. Tena kwenye kile kibovu niliweza kubandua maganda kwa ukucha, maana plastiki na ganda hazipendani, kama mafuta na maji. Lazima itiwe dawa ya kuzishikanisha, na nadhani siku hiyo walibana matumizi. Nilirudisha mbao kumi na moja. Walizipokea baada ya mabishano ya asubuhi nzima, na mafuta ya bodaboda ya mizigo hawakunirudishia mpaka leo.

Mzigo wa pili ulikuwa safi, na ndio uliokaa bandani kwa mama mmoja mfugaji mwenye mbuzi ishirini na wawili.

Kwa mafundi wenzangu: msitumie misumari. Inaingia vizuri, mnafurahi, baada ya mwezi inachungulia. Toboeni kwanza kwa drili, tundu liwe pana kidogo kuliko skrubu, na msikaribie ncha kwa chini ya vidole viwili, ubao utapasuka. Msumeno nao unakufa haraka. Ganda la mpunga limejaa silika, jamii moja na mchanga, hivyo unakata kama mtu anayekata msasa. Kwa banda moja nilinoa msumeno mara tatu, kazi ambayo kwa mbao laini naifanya mara moja. Harufu ya kukata ni ya wali ulioungulia, hiyo sikuichukia. Na yale makapi ya msumeno, ambayo akina mama huja kuniomba watandaze kwenye mabanda ya kuku, haya sikuwapa. Ni chembe za plastiki. Niliyakusanya kwenye kiroba nikayarudisha karakanani, wakayachukua wayeyushe tena.

Kosa langu mwenyewe ni la urefu. Nilipanga chaga asubuhi, ncha kwa ncha, nikazibana kama ninavyobana mninga. Saa nane mchana mama akanipigia, sakafu imevimba kama tumbo la kifaranga. Nilirudi na futi: ubao wa mita 3 ulikuwa umerefuka milimita 4 tangu alfajiri. Nikazifungua zote, nikaacha pengo la unene wa kalamu kila kiungo. Tangu hapo zimetulia.

Jambo la pili nililifanya kwa kiburi. Muuzaji anaziita mbao, nami nikatumia mbili zake nene kama boriti, zibebe chaga zote, tegemeo hadi tegemeo mita moja na nusu. Hazikuvunjika. Zilishuka polepole, kila wiki kidogo, bila mbuzi hata mmoja kuongezeka. Mwezi wa tatu pima maji ikaonyesha zimebonyea katikati kiasi cha kidole. Mti ukiubebesha mzigo unaoumudu, unapinda kidogo na mara nyingi unasimama hapo. Hii, kwa sababu ya plastiki yake, inaendelea kubonyea chini ya mzigo uleule, hasa kwenye joto. Nilizitoa, nikaweka mkaratusi uliotiwa dawa, na chaga nikazipa tegemeo kila sentimita 40. Gharama ya kurudia ilitoka mfukoni mwangu.

Miezi kumi na minne imepita. Mchwa wamejenga njia zao juu ya nguzo za mkaratusi, wakafika kwenye chaga, wakageuka. Mkojo haujafanya kitu. Rangi ya kahawia imepauka upande unaopigwa na jua, na ukipitisha kidole unatoka na unga mweupe. Zikilowa zinateleza, mama amezikwaruza kwa ncha ya panga mistari ya kukingama, na mbuzi hawaanguki tena. Chaga moja imevunjika: beberu aliruka kutoka horini akatua juu yake asubuhi ya baridi.

Kwa sakafu naipa nyota nne, kwa boriti moja, na hiyo moja ni kwa sababu haikuoza. Mwezi ujao nina mabanda mawili na nimeshaagiza chaga arobaini palepale. Mkienda, chukueni msumeno wenu, ombeni kukata ncha ya ubao mmoja kabla hamjatoa pesa. Safari hii hawakunikatalia.