HWiNFO64 kwa laptopu za mtumba: ni nzuri, ila angalia kwanza kama haipavaiza imewashwa

Kwa anayenunua laptopu ya mtumba hapa Tanga, pale Ngamiani au Chumbageni, HWiNFO64 ndiyo programu ya kwanza ya kubeba kwenye flashi. Toleo lake lisilohitaji kusakinishwa hufunguka papo hapo: weka tiki kwenye "Sensors-only", bonyeza Start, na utaona joto la kila kiini (core) cha prosesa, kasi, wati zinazotumika, hali ya SSD na uchakavu wa betri. Ni kazi ya Martin Malik, na kwa wingi wa sensa inazozitambua haina mpinzani wa karibu kati ya programu za bure. Tunaipa nyota nne kati ya tano. Ya tano imeliwa na Windows 11.

Windows 11 iliyosakinishwa upya mara nyingi huja na ulinzi uitwao VBS (Virtualization-based security) ukiwa umeshawashwa. Ulinzi huo unaendeshwa na haipavaiza, safu nyembamba ya programu inayokaa kati ya Windows na prosesa. Wengi hudhani mambo ya mashine pepe, yaani kompyuta inayoigizwa ndani ya kompyuta, yanawahusu wenye programu ya VirtualBox tu. Sivyo. VBS ikiwaka, au ukiweka WSL2 (Linux inayokaa ndani ya Windows), au Windows Sandbox (dirisha la kujaribia programu), hata ile Windows unayoiona mbele yako inakuwa mpangaji. Mwenye nyumba ni haipavaiza, na programu ikitaka kusoma rejista za prosesa (visanduku vyake vidogo vya namba), ombi linapita kwake.

Kinachoyumba kwanza ni kasi. HWiNFO haiikuti kasi imeandikwa mahali; inaipata kwa kuzidisha mapigo ya msingi kwa kizidishio. Chukua Core i5-8250U, prosesa inayopatikana kwa wingi kwenye laptopu za mtumba: mapigo ya msingi ni MHz 100, kizidishio cha juu ni 34, hivyo kasi ya juu kabisa ni MHz 3,400. Kizidishio kinasomwa tu, lakini mapigo lazima yapimwe kwa kulinganisha kihesabio cha prosesa na saa nyingine, na haipavaiza ikiingia katikati ya kipimo hicho, jibu linahama. Mapigo yakisomeka 96, utaonyeshwa 3,264. Yakisomeka 104, utaona 3,536, kasi ambayo prosesa hiyo haifiki. Muuzaji asikudanganye kwamba mashine yake imeongezwa nguvu, nawe usimwambie kakuuzia iliyochoka. Tazama mstari wa "Bus Clock", ndiyo hayo mapigo ya msingi, kabla ya kubishana: kama umeachana sana na 100, namba za kasi zilizo juu yake zipuuze.

Joto ni habari tofauti. Sensa ya Intel hutoa idadi ya nyuzi zilizobaki kufikia kikomo, ambacho kwa 8250U ni 100 °C, na hakuna saa inayopimwa hapo. Haipavaiza inapitisha namba kama ilivyo, kwa hiyo 85 ni 85. Tatizo la joto Tanga liko kwenye chumba. Msimu wa kaskazi duka lisilo na kiyoyozi linaweza kuwa na nyuzi 32, wakati majaribio mengi ya mitandaoni hufanyiwa vyumba vya nyuzi 20 hivi. Hizo 12 zitoe kabla hujalinganisha. Halafu pima kwa haki: chomeka chaja, maana kwenye betri laptopu nyingi hujibana zenyewe, ipe prosesa kazi nzito kwa dakika 15, kisha soma safu ya "Maximum" na mistari ya "Core Thermal Throttling", yaani prosesa kujipunguzia kasi kwa sababu ya joto. Ikiandika Yes huku "CPU Package Power" ikiwa imetulia chini ya wati 15, ambazo ndizo kiwango rasmi cha prosesa hiyo, basi mfumo wa kupoza umeshindwa: pesti ya kupitisha joto imekauka, au feni na mapezi yake yameziba. Kwa vumbi lililolowana na unyevu wa baharini, anza kushuku la pili. Yes inayotokea huku wati ziko 25 si ugonjwa.

Hali ya SSD na uchakavu wa betri haviguswi, kwa sababu havipitii rejista za prosesa.

Programu nyingine zina hali mbaya zaidi. ThrottleStop na Intel XTU, za kurekebisha nguvu ya prosesa, haziwezi kupunguza volteji VBS ikiwa hai. Zile za kuendesha feni zilizotegemea draiva ya zamani ya WinRing0 hukuta Windows imeizuia kwa sababu za usalama, zikabaki kuonyesha sifuri au nafasi tupu. Sensa haijafa hapo; aliyezuiwa ni msomaji. HWiNFO ina draiva yake, ndiyo maana inaendelea.

Ndani ya mashine pepe, usipime kitu. Ukifungua Linux ndani ya VirtualBox, diski itajiita VBOX HARDDISK, feni hakuna, joto hakuna, na "afya" ya diski hiyo ni ya faili tu. Ukiona kobe wa kijani chini ya dirisha, VirtualBox yenyewe imepanda juu ya haipavaiza ya Microsoft, na majaribio ya kasi humo hayana maana.

Kujua kama imewashwa, bonyeza Windows+R, andika msinfo32, tafuta mstari wa "Virtualization-based security". Usitegemee "Virtualization: Enabled" ya Task Manager, hiyo inasema tu kwamba BIOS imeruhusu. Kuizima kwa muda, simamisha kwanza BitLocker (kufuli la diski la Windows) au hakikisha ufunguo wake unao, zima "Memory integrity" chini ya "Core isolation", fungua Command Prompt kama msimamizi na uandike bcdedit /set hypervisorlaunchtype off, kisha washa upya. Rudi msinfo32 uhakikishe. Ikiwa bado "Running", huenda imefungwa kutoka ofisi ilikotoka. Ukimaliza kupima, rudisha auto mahali pa off, na Memory integrity pia. Ulinzi huo una kazi.

RAM haipimwi na HWiNFO. Tumia MemTest86 kwa kuwashia kutoka kwenye flashi. Inakimbia nje ya Windows, hivyo haipavaiza haina nafasi. Toleo la bure hukoma baada ya mizunguko minne, na huchukua saa kadhaa, kwa hiyo iachie usiku.

Fundi mwenye duka azingatie leseni: bure ni kwa matumizi binafsi, biashara inatakiwa kununua toleo la Pro.