The 5th Wave: uisome kwenye karatasi au simu?

Kila likizo vijana wa hapa Mbeya wananirudishia swali hilohilo kuhusu riwaya hii ya Rick Yancey ya 2013.

Kwa bei, simu inaongoza. Nakala ya karatasi mara nyingi inaagizwa Dar, halafu ungoje basi. Ila akishaimaliza dada, mdogo wake anarithi, kisha jirani, bure.

Umeme je? Katika hadithi, wavamizi kutoka anga za juu wanaishambulia dunia kwa mawimbi, na wimbi la kwanza linaua kila kifaa cha umeme duniani. Nilikuwa nasoma kwenye simu, na palepale taa za Mwanjelwa zikazimika, chaji ikiwa asilimia 4. Nilicheka peke yangu gizani. Kesho yake nikaazima ya karatasi.

Nashukuru, maana wasimulizi wanabadilishana: mara msichana Cassie na bunduki yake, akimtunzia mdogo wake mdoli wa dubu, mara kijana Ben yuko kambi ya jeshi. Nikipotea, narudi nyuma kurasa 30 kwa kidole gumba. Kwa Kiingereza kigumu, hapo simu inashinda: unabonyeza neno, maana inatokea.

Utunzaji: mvua za Tukuyu zinajulikana. Karatasi ikikaa karibu na ukuta inashika ukungu.

Kama uko bweni lisiloruhusu simu, jibu unalo. Kama unasafiri usiku kwenda Iringa, mwanga wa simu utakufaa. Kwa mtoto wa miaka 10 ningengoja, iwe karatasi au simu: tauni ya wimbi la tatu inamuua mama yake Cassie.