Mashine ya kufulia iligoma kutoa maji: uzoefu wangu hapa Makorora, Tanga

Kama una mashine ya mlango wa mbele na leo umekuta maji yametuama ndani, nguo zinaelea na mlango haufunguki, tafadhali usitoe hela ya pampu kwanza. Mimi nilibakiza kidogo tu niitoe.

Yangu ni ya kilo 7, niliinunua mpya hapa mjini mwaka 2022. Nyumbani tuko saba. Wasichana wangu wawili wanasoma madrasa, kwa hiyo mitandio haiishi kwenye kapu, na mwisho wa wiki watoto wakitoka kuogelea Raskazone wanarudi na mchanga kwenye kila pindo. Zamani Jumamosi yangu yote iliishia kwenye karai, jioni mgongo hauinuki. Kwa kufua na kukamua, mashine hii imenipunguzia mzigo mkubwa, na naisifu kwa moyo wote.

Tatizo lilianza polepole. Kwa wiki kama tatu nguo zilitoka zikiwa nzito, zinachuruzika, nami nikadhani nimejaza kupita kiasi. Kisha Alhamisi moja usiku, kanzu za Ijumaa zikiwa ndani, ilifika kwenye kutoa maji ikaanza kuguna kwa sauti nene, ikaguna weee, halafu ikasimama na kuonyesha alama ya hitilafu. Alama hizo hutofautiana: LG huandika OE, Samsung 5E au 5C, Bosch E18, na zote zinasema jambo lile lile, maji hayatoki. Mlango nao ulijifunga. Nilikasirika usiku ule, lakini sasa naona ni haki yake. Ungefunguka, maji yote yangekuwa sebuleni. Wanangu walikwenda msikitini na kanzu za kuazima.

Fundi wa friji alikuja kutoka Ngamiani. Akaiwasha, akasikiliza, akazima. "Mama, pampu imekufa hiyo. Andaa laki na ishirini, na nauli yangu." Hakufungua hata kifuniko kimoja, na hilo ndilo lililoniuma baadaye.

Bahati nzuri mtoto wa kaka yangu, anayesomea umeme, alipita kunisalimia. Nikamweleza. Akauliza, "Shangazi, inaguna au imenyamaza?" Nikamwambia inaguna. "Basi pampu inapata umeme na inataka kuzunguka. Kuna kitu kimeishika. Ingekuwa kimya kabisa, hapo ningeanza kushuku pampu au waya wake. Tufungue chujio kwanza."

Miaka yote ile sikujua kuwa mashine yangu ina chujio. Lipo chini kabisa mbele, upande wa kulia, nyuma ya kifuniko kidogo cha mraba ambacho mimi nilikuwa nakifuta vumbi kila siku. Tulichomoa plagi. Kama ulifua kwa maji ya moto, subiri yapoe, kwani yanaunguza. Tukatandika matambara ya deki, tukasukuma sinia la chini chini. Pembeni ya chujio kuna kimpira chembamba chenye kizibo; ukikivuta nje na kukizibua maji hutoka taratibu, sinia likijaa unaziba, unamwaga, unarudia. Tulimwaga mara nyingi hadi nikaacha kuhesabu. Yalinuka uozo. Mashine nyingine hazina kimpira hicho, basi unalegeza chujio lenyewe robo robo na kuwa tayari na beseni.

Maji yalipokwisha akazungusha chujio kinyume cha saa, likatoka. Lilikuwa limevaa koti la kijivu: matamvua ya kikoi cha mume wangu yaliyojisokota na nywele, mchanga, kifungo cha sare na sarafu ya shilingi mia. Nikadhani tumemaliza. Yeye akamulika tundu kwa tochi ya simu, akaniita niinamie. Mle ndani kuna kipangaboi kidogo cha plastiki, ndicho cha pampu kinachosukuma maji, na kati ya mapanga yake mawili ilikuwa imelala pini ya mtandio, ile yenye kichwa cha lulu, imepinda kama ndoano. Akaitoa kwa koleo. Ilipotoka akakisukuma kipangaboi kwa kidole, kikazunguka kwa kudunda dunda, kinashika na kuachia. Alinieleza kuwa hali hiyo inatokana na sumaku iliyo ndani, si ubovu. Nalisema hili kwa makusudi, maana mtu asiyejua akihisi vile anaweza kusema imechoka.

Tukafunga chujio mpaka mwisho, tukajaribu kutoa maji bila nguo. Yalitoka, ila kwa unyonge.

Hapa ndipo nilipopata somo la pili. Aliyenifungia mashine alipitisha mpira wa kutolea maji dirishani, ukamwage uani. Tulipima kwa futi kamba, dirisha liko mita 1 na nusu kutoka sakafuni. Kijitabu cha mashine kinataka mpira upande angalau sentimita 60 na usizidi mita 1. Pampu hizi ni ndogo, wati 30 hivi. Haziwezi kusukuma maji juu kama ya kisima, na yanayobaki kwenye mpira yanarudi kwenye ngoma. Ukiulaza chini sakafuni nako ni kosa, maji yatajitoa yenyewe huku mashine ikiendelea kujaza. Tulitoboa ukuta kwenye sentimita 80, tukaweka bomba pana kuliko mpira ili pabaki nafasi ya hewa. Kutoboa na bomba vilinigharimu shilingi elfu 18. Tangu hapo nguo zinatoka zimekamuka hasa.

Nimebadilisha sabuni pia. Nilikuwa natumia ya unga ya kufulia kwa mkono, ambayo povu lake ni jingi, na pampu hushindwa kusukuma povu. Sasa natumia ya mashine, nusu ya kipimo cha awali, na nguo zinatakata vilevile.

Naipa nyota nne kati ya tano. Naizuia moja kwa sababu maelezo ya chujio yamefichwa ukurasa wa 31 wa kijitabu kisicho na neno hata moja la Kiswahili, na dukani hakuna aliyenionyesha kifuniko kile. Wauzaji wetu, mkimfikishia mteja mashine, mfungulieni pale chini aone kwa macho yake. Ni dakika mbili tu.

Chujio nalisafisha kila mwisho wa mwezi. Vikoi vinaingia ndani ya mfuko wa wavu. Na juu ya mashine nimeweka kopo la pini. Mtandio haupiti mlangoni kabla sijaupapasa pindo lote, na mpaka leo kopo lina pini kumi na moja.